Mialo Miwili

Kwetu neno mwalo lina maana mbili. Mwalo wa kwanza ni pale ufukweni mwa ziwa ambapo mitumbwi hufika alfajiri, samaki wakamwagwa chini na wachuuzi wakaanza kupigiana kelele za bei. Mwalo wa pili ni pale penye kijito au dimbwi, ambapo mawe ya dhahabu yaliyosagwa huoshwa juu ya mbao zilizotandikwa magunia ya katani. Mgeni akiuliza njia ya mwalo, sharti kwanza aulizwe anatafuta nini.

Nimekulia kati ya mialo hiyo. Mama yangu alikuwa mtu wa samaki. Mimi, kwa miaka mitano hivi, nilikuwa mtu wa mwalo wa pili, ingawa kazi iliyoandikwa kwenye barua yangu ya ajira ilikuwa ualimu.

Kijiji chetu kipo kusini-magharibi mwa mji wa Geita. Enzi hizo tulikuwa Mkoa wa Mwanza. Mkoa wa Geita ulianzishwa mwaka 2012. Mtu wa mbali akisikia jina la Geita hudhani maji yetu yote huingia Ziwa Victoria. Upande wetu sivyo. Vijito vyetu huteremka kusini kuelekea mto Nikonga na mabwawa ya Moyowosi, na maji hayo, yakijaliwa kufika, huishia mto Malagarasi na Ziwa Tanganyika. Lakini kabla ya safari hiyo ndefu hukaa kwanza. Hukaa mbugani, katika udongo mweusi, kwa miezi. Na pale maji yanapokaa, kambare na kamongo nao hukaa.

Mama alijua mbuga ile kama mimi nilivyojua daftari la mahudhurio. Aliweka migono yake penye mikondo, akatoa kambare weusi wanene, akawabanika kwa moshi wa kuni mpaka wakawa rangi ya kahawia, kisha akawapeleka guliani. Kwa samaki hao nilisoma. Kwa samaki hao nililipiwa sare, nauli na sanduku la chuma nililokwenda nalo chuo cha ualimu.

Kuhusu mshahara wa mwalimu mwanzoni mwa miaka ya 1990, aliyekuwepo hahitaji kuelezwa, na ambaye hakuwepo hataamini. Ndipo dhahabu ikaja. Niseme ilirudi, maana wazee wetu waliukumbuka mgodi wa kikoloni wa Geita, uliofungwa mwaka 1966. Serikali ilikuwa imelegeza biashara, benki ikaanza kununua dhahabu kutoka kwa wachimbaji wadogo, na watu wakamiminika kutoka Shinyanga, Tabora, Kigoma na kwingineko. Maduara yakachimbwa hata nyuma ya vyoo vya shule. Mfanyabiashara mmoja kutoka Mwanza alikuwa akitafuta mtu mwaminifu anayejua hesabu amwachie mzigo wake. Akaelekezwa kwa mwalimu wa Sayansi.

Mzigo wenyewe ulikuwa zebaki. Ilikuja katika chupa ndogo za dawa, na siku ya kwanza nilipopokea chupa moja mkono wangu uliteremka ghafla, kwa sababu macho yaliona dawa ya kikohozi na mkono ukapokea uzito wa jiwe. Zebaki ni nzito mara 13.6 kuliko maji. Niliiuza kwa kipimo cha kizibo cha soda. Vijana walikuja jioni na makarai yao, ndani mna mchanga mweusi uliobaki baada ya kuosha. Wanamimina zebaki, wanachanganya kwa mikono mitupu, polepole, kama mama anayekanda unga, na zebaki inazishika chembe za dhahabu na kuuacha mchanga. Kisha wanatia katika kitambaa na kukamua. Zebaki iliyozidi inatoka kwa vitone, na katika kitambaa linabaki donge la rangi ya fedha. Donge hilo linawekwa juu ya kipande cha bati, bati juu ya mkaa, na baada ya muda rangi ya fedha inatoweka na ile ya manjano inatokea.

Sikupata kujiuliza ile rangi ya fedha imekwenda wapi. Mwalimu wa Sayansi! Nilikuwa nikiwafundisha watoto kwamba maji yakichemka hayapotei, yanageuka mvuke, na mvuke ukipoa unarudi kuwa maji. Zebaki nayo hufanya hivyo hivyo. Hupanda angani, hupoa, hushuka juu ya mapaa, juu ya michicha, juu ya maji ya mbuga. Na ile inayomwagika mwaloni hubaki katika mchanga uliokwisha kuoshwa, ambao kwetu huitwa marudio. Kwa kila gramu moja ya dhahabu iliyotoka namna hii, zebaki kiasi cha gramu moja hadi mbili hupotea katika hewa na udongo. Mvuke wake hauna harufu. Moshi wa kuni ukikuchoma macho unasogea. Huu haukukusogeza hata hatua moja.

Sasa niseme jambo ambalo sijapata kuliandika. Mwaka 1994, nikifundisha darasa la sita habari za metali, nilipeleka zebaki darasani. Nilitaka waone metali iliyo kimiminika katika joto la kawaida, nami nilijiona mwalimu hodari kwa kuwa na kifaa ambacho hata shule za mjini hazikuwa nacho. Nilimimina kizibo kizima juu ya dawati la mbele. Ilitawanyika vipande vipande, kila kipande kikawa gololi ndogo inayong'aa, na watoto wakazisukuma kwa vidole, wakazikusanya, wakazitawanya tena. Nyingine zilianguka katika nyufa za sakafu. Nakumbuka nilicheka pamoja nao. Hakuna somo langu lililopendwa kama lile.

Mwishoni mwa mwaka 1997 zikaja mvua za El Niño, zikaendelea mpaka mwaka uliofuata. Mashimo ya kuoshea pale mwaloni yalijaa, kingo zikakatika usiku mmoja, na tope lote la miaka mitano, rangi ya kijivu, likateremka mbugani. Asubuhi tulisimama juu ya kichuguu tukatazama. Wenye maduara walilia kwa sababu ya maduara. Hakuna aliyelilia mbuga. Mbuga ilikuwa imepata maji, na maji ni neema.

Na kweli samaki wakawa wengi. Mama anasema hajapata kuona kambare wanene kama wa mwaka 1998. Mke wangu alikuwa na mimba ya kitinda mimba wetu, na mama, kama ilivyo desturi, alimletea samaki kila juma: kichwa kwa supu, mnofu kwa ugali. Alimwambia, kula mwanangu, mtoto awe na damu. Mke wangu alikula. Tulikula sote.

Kijana huyo alizaliwa salama. Alichelewa kukaa, akachelewa kutembea, na alipofika shuleni mkono wake ulikuwa hauutii mstari wa daftari. Nilikuwa mwalimu wake wa darasa la pili. Nilimchapa kwa ajili ya mwandiko ule. Sitaki kulizunguka jambo hili: nilimchapa zaidi ya mara moja, mbele ya wenzake, ili isisemekane kwamba mwalimu anampendelea mwanawe.

Mnamo 2003 na 2004, wataalamu walifika Rwamagasa, katika mradi wa Umoja wa Mataifa uliohusu zebaki na wachimbaji wadogo. Walichukua tope, maji, samaki, nywele na mkojo wa watu. Wengine walikuwa wametangulia miaka ya 1990, Watanzania na Wajapani, wakipima samaki wa ziwa na nywele za wavuvi na wachimbaji. Walichokipata hakikuwa kile ambacho watu wengi wangekitarajia, na kwa sababu hiyo naona vema nikieleze taratibu, maana habari za sumu zikipita midomoni mwa watu watatu huwa ama uzushi ama mzaha.

Samaki wa Ziwa Victoria, hata wale wa ghuba ya Nungwe iliyo jirani na machimbo, walikutwa na zebaki kidogo tu, chini kabisa ya kiwango kinachokubalika kwa biashara, yaani nusu miligramu kwa kila kilo ya samaki. Kwa hiyo anayepiga kelele kwamba sato wa Mwanza ni sumu anawaonea wavuvi. Taabu ilionekana karibu na machimbo yenyewe, katika vijito na mbuga zake, ambako baadhi ya samaki walizidi kiwango hicho. Tope lenye zebaki lilikuwa halijasafiri mbali. Lilikuwa limetulia palepale. Kwa maneno mengine, mwalo wa kwanza ulikuwa salama kwa kiasi kikubwa. Mwalo wa pili ndio uliokuwa umejitengenezea samaki wake.

Jambo jingine lilinifanya nicheke kwa uchungu. Wajapani wale, ambao mmoja wao alikuwa Daktari Harada Masazumi, aliyetumia maisha yake kuwahudumia wagonjwa wa Minamata, walikuta baadhi ya watu wa kando ya ziwa wakiwa na zebaki nyingi mno katika nywele, nao si wachimbaji. Walipochunguza wakaona haikutoka kwa samaki. Ilitoka kwenye sabuni za kujichubua. Dada yangu alizitumia sabuni hizo miaka mingi, akizificha chini ya godoro ili mumewe asijue bei yake. Mimi nikiuza zebaki kwa kizibo, yeye akiinunua kwa kipande, na mama yetu akiivua kwa mgono.

Habari ya Minamata niliisoma nikiwa nimekwisha kuwa mtu mzima, katika kitabu nilichoazimwa na ofisa mmoja wa maji. Ni mji wa uvuvi huko Japani. Kiwanda kilimwaga maji yake machafu ghubani kwa miaka mingi, na mwaka 1956 ugonjwa ukatangazwa rasmi. Kabla ya watu kuugua, paka walikuwa wameanza kuchezacheza kama walevi na kuanguka, kwa sababu paka walikula samaki. Lakini kilichonifanya nikifunge kitabu ni habari ya akina mama. Mama anakula samaki, mwenyewe haumwi au anaumwa kidogo tu, na mtoto anazaliwa na ubongo ulioharibika. Hapo awali waganga waliamini kwamba kondo la nyuma humkinga mtoto na sumu. Harada alikuwa miongoni mwa walioonyesha kwamba kwa sumu hii halimkingi.

Naelewa tofauti. Kiwanda cha Minamata kilimwaga zebaki iliyokwisha kugeuka kuwa ile ya hatari kubwa, zebaki ya methili, tena kwa wingi. Yetu ni ile ya kung'aa, ambayo ukiimeza mara moja hupita tumboni bila madhara makubwa. Lakini katika tope la mbuga, pasipo hewa ya kutosha, wamo bakteria wanaoigeuza kidogo kidogo kuwa hiyo ya methili. Wadudu wa maji wanaipata, samaki wadogo wanakula wadudu, kambare anakula samaki wadogo na vyura na chochote kipitacho, na katika kila hatua inaongezeka kwa sababu mwili hauitoi upesi. Haikai katika mafuta au matumbo ambayo mpishi angeweza kuyatupa. Imeshikamana na mnofu wenyewe. Ukiosha kwa ndimu, ukikaanga, ukibanika siku tatu, iko palepale. Kwa kweli kubanika hukausha maji tu, na kipande kile kile cha samaki kikawa kidogo zaidi chenye zebaki ile ile.

Je, ndiyo iliyomfikia mwanangu? Nimemwuliza daktari mmoja, naye akaniambia kwa upole kwamba watoto huchelewa kwa sababu nyingi: homa kali, malaria ya mama, uchungu wa muda mrefu, au bila sababu yoyote. Hakuna nywele za mwaka 1998 zilizohifadhiwa. Hakuna kambare wa mwaka huo wa kupimwa. Kijana mwenyewe anaendesha karasha la kusaga mawe na ana mke. Mwandiko wake bado ni wa kutambaa. Sina ushahidi, na sitaki mtu anipe msamaha kwa kitu nisichoweza kukithibitisha, wala anihukumu nacho.

Basi, mwaka 2023 binti yangu mkubwa alikuja nyumbani akiwa na mimba ya miezi minne. Alikuwa amekaa Dodoma miaka kadhaa, na kama kawaida ya wajawazito alikuwa amewaza chakula kimoja tu njia nzima: kambare wa bibi. Mama sasa amepita miaka themanini, haendi tena mbugani, lakini mjukuu wake humletea, naye hubanika kwa mkono wake. Nilipoingia jikoni jioni ile sufuria ilikuwa imekwisha kuinjikwa.

Nikamwambia, "Mayu, huyu usimpe samaki wa mbugani. Nimeleta dagaa, na kesho nitatafuta sato wa ziwani."

"Samaki ana nini?"

"Ana zebaki."

Aliendelea kukoroga. "Nimekula samaki hawa tangu kabla hujazaliwa."

"Kabla sijazaliwa haikuwamo. Iliingia wakati wa mwalo, hasa ile mvua kubwa. Na wanaendelea kuitia mpaka leo."

Nilijitahidi kumweleza kama nilivyoeleza hapa, kwa kifupi zaidi, na bila bakteria. Alisikiliza. Mama ana tabia ya kunyamaza mpaka mtu aseme kile asichokusudia kusema, na ndivyo ilivyotokea. Nikasema, "Na mimi ndiye niliyekuwa nikiuza."

Alifunika sufuria. Akaniambia, "Kwani unadhani mabati ya nyumba hii niliamini yalitoka kwenye mshahara wa ualimu?"

Sikuwa na jibu. Nyumba yake ilikuwa ya kwanza kuezekwa bati katika kitongoji chetu, mwaka 1995, na mvua ilipopiga usiku ule wa kwanza alitoka nje kusikiliza kelele yake. Kumbe alijua. Sikujua ni kiasi gani alijua, na yeye hakusema.

Binti yangu alinuna. Aliletewa dagaa, akala nusu, akasema wana mchanga. Nilimweleza kesho yake, tukiwa peke yetu, yeye amesoma na aliona haraka. Swali lake lilikuwa moja tu, nalo lilihusu mdogo wake. Nilimjibu kama daktari alivyonijibu mimi. Alinitazama kwa muda, kisha akasema anakwenda kumsaidia bibi kuanika mahindi.

Siku hiyo nilikwenda mwaloni. Nilikuwa sijafika kwa miaka mingi. Marudio yetu ya zamani, vilima vyote vile vya mchanga wa kijivu, yalikuwa yamezolewa na kupelekwa kwenye matangi ya sayanaidi, ambayo hukamua dhahabu tuliyoiacha, na pamoja nayo huyeyusha na kuisogeza zebaki tuliyoiacha. Kwenye kibanda cha turubai nilimkuta kijana wa makamo ana chupa ndogo mbele yake, na kando ya chupa kizibo cha soda. Alisimama mara moja.

"Shikamoo, mwalimu."

Alikuwa amekaa dawati la mbele mwaka 1994. Nilimwambia kuhusu chungu cha chuma chenye kifuniko na bomba, ritoti, ambacho hunasa mvuke na kuurudisha uwe zebaki tena, ili isipotee. Alikuwa anakijua, walipata semina. Alisema wachimbaji hawakipendi kwa sababu hawaioni dhahabu yao inapoiva, na mtu asiyeiona dhahabu yake hudhani anaibiwa. Nilimwambia kuhusu mkataba wa dunia, uliopewa jina la Minamata, uliotiwa saini mwaka 2013 na kuanza kutumika 2017, na kwamba Tanzania iliuridhia mwaka 2020, na kwamba kuchomea zebaki katikati ya makazi ni miongoni mwa mambo unaotaka yaondolewe. Aliitikia kwa adabu, "Sawa mwalimu, sawa mwalimu," kama darasani. Kisha akaniuliza kama nakumbuka ile siku ya gololi. Alisema ndiyo siku aliyoipenda kazi hii.

Nilirudi nyumbani jua limezama. Sufuria ya kambare ilikuwa bado ipo, imepashwa moto. Nilimwuliza mama kwa nini hakuitupa.

"Nimtupie nani? Mbwa? Mbwa naye ana watoto." Akatenga ugali. "Mimi ni mzee. Hiyo sumu yako itabidi ikimbie ili inikute."

Alikula taratibu, akitoa miiba kwa vidole kama alivyofanya siku zote. Alipofika kichwani alikigawa, akachukua nusu, na nusu ya pili akaisogeza upande wangu wa sahani, ile sehemu yenye ubongo na mafuta ambayo nilikuwa nikiigombania na ndugu zangu tulipokuwa wadogo. Nilinawa mikono, nikakaa.